Mtoto Mwenye Usonji Akiongoza Mchezo

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha utafiti uliozua mjadala ambao haujaisha hadi leo. Watoto 19 wenye usonji walifundishwa ana kwa ana kwa saa zipatazo 40 kwa wiki. Lovaas alisema 9 kati yao walifikia kiwango cha kawaida cha akili na kumudu darasa la kwanza pamoja na wenzao. Swali, jibu na zawadi, vyote vilipangwa na mwalimu. Wakosoaji walihoji mengi, likiwemo la watoto kutogawanywa kwenye makundi kwa kura, lakini imani ilishaenea kwamba mtoto wa aina hii hafiki popote mtu mzima asiposhika usukani.

Marekani hiyohiyo, daktari wa magonjwa ya akili Stanley Greenspan na mwenzake Serena Wieder walikuwa wakiwashauri wazazi kinyume chake: keti chini, tazama mtoto anapenda nini, kisha uingie hapohapo alipo. Njia yao inajulikana kama Floortime.

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana mkekani. Mtoto wa miaka mitatu anapanga vizibo vya soda katika mstari mmoja. Mama mwenye haraka ya kufundisha anachukua kimoja na kuuliza, "Hii rangi gani?" Mstari umeharibika, mtoto analia, somo limekwisha. Mama anayemfuata mtoto anaketi mbele yake, anaongeza kizibo kimoja mwishoni mwa mstari, ananyamaza. Baadaye anaongeza kingine. Safari nyingine anakifumbata kiganjani na kungoja. Mtoto anayetaka mstari uendelee huenda akamtazama usoni au akamvuta mkono. Hilo tayari ni ombi, na mama hulitilia neno: "Nipe!"

Je, kumfuata mtoto kunasaidia? Ushahidi mzito zaidi unatoka Uingereza, katika utafiti uitwao PACT ulioongozwa na Profesa Jonathan Green wa Manchester. Watoto 152 wenye umri wa chini ya miaka mitano waligawanywa kwa kura. Wazazi wa kundi moja walirekodiwa video wakicheza na watoto wao, kisha wakaitazama pamoja na mtaalamu: hapa mtoto alikualika nawe hukuona, hapa ulingoja, naye akajibu. Nyumbani walitakiwa kufanya mazoezi hayo kila siku. Kundi la pili lilipata huduma za kawaida tu.

Matokeo ya mwaka 2010 yalikuwa ya kuvunja moyo kidogo. Wazazi walibadilika waziwazi, lakini dalili za watoto hazikupungua kwa kiwango cha kuridhisha. Watoto walipopimwa tena takriban miaka sita baadaye, picha ilikuwa nyingine. Katika kundi la PACT, wenye dalili kali walishuka kutoka asilimia 55 hadi 46. Katika kundi la huduma za kawaida walipanda kutoka 50 hadi 63. Hiyo si tiba ya kuondoa usonji, na watafiti wenyewe walilisema hilo. Wasiwasi wa watoto na tabia ngumu havikupungua.

Kwa Afrika Mashariki, swali la msingi ni nani atawafundisha wazazi, maana wataalamu wa usemi ni wachache na wengi wao wako mijini. Njia hii ya PACT ilirekebishwa na kujaribiwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, kwa watoto 65, ikitolewa na wahudumu wasio wataalamu. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha wazazi wakiwaitikia watoto vizuri zaidi, na watoto wakianzisha mawasiliano mara nyingi zaidi, ingawa muda wa mzazi na mtoto kuelekeza macho na akili kwenye jambo moja ulipungua. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi yanayotumia michezo na kazi za kila siku za nyumbani, na Kenya na Ethiopia ni miongoni mwa nchi ambako yanafanyiwa utafiti.

Pingamizi kubwa ni mzigo. Mama anayeamka alfajiri kuuza vitumbua hana nusu saa ya kukaa mkekani, na serikali isiyotaka kuajiri wataalamu itafurahi kuambiwa kwamba mzazi anatosha. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi mtu mzima hachezi na mtoto. Wanaocheza naye ni kaka, dada na binamu. Basi hao nao wafundishwe. Kungoja zamu mtoto wa miaka tisa anakujua tangu kwenye bao na rede, na kuosha vyombo au kuchambua mchele kunafaa sawa na vizibo.

Mwaka 2023 Kenya iligawa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Hao tayari hubisha hodi majumbani, na ujuzi wa kuwaongoza wazazi katika mchezo unaweza kuongezwa kwenye kazi yao, kwa masharti mawili: posho iongezwe kazi inapoongezwa, na hospitali ya kaunti iwe na mtaalamu wa kumpokea mtoto anayejiumiza au asiyelala, ambaye mchezo peke yake hautamtosha.