Kazimoto naye aliuliza

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu maana ya maisha umewataja Camus na Sartre ukampita Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyeuliza swali hilihili kwa Kiswahili katika riwaya yake Kichwamaji, mwaka 1974, akaendelea nalo hadi riwaya ya Nagona. Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, ni msomi wa chuo kikuu, mwenye akili kutuzidi wengi wetu, na bado anaishia kujiua. Kwa maoni yangu, kilichommaliza si kukosa jibu. Ni kulitafuta peke yake, moyo wake ukiwa mbali na wazazi na wanakijiji wenzake. Mimi nimemuuguza mama yangu. Usiku, nikimgeuza kitandani na kumnywesha uji kwa kijiko, sikuwahi kujiuliza naishi kwa ajili ya nini. Tafadhali, makala ijayo mpe Kezilahabi nafasi yake.