Kibali Umepata, Bunduki Huijui

KUTOKA MPAKANI
Na Wanyama Ojiambo

Ukivuka mpaka wa Busia kutoka Kenya kwenda Uganda, hata kabla hujabadilisha shilingi, utaona tofauti mikononi mwa walinzi. Upande wa Kenya askari wa kampuni binafsi kwa kawaida ana rungu. Mwenye bunduki mlangoni mwa benki ni polisi. Ng'ambo, mlinzi wa kampuni amekalia kiti cha plastiki kwenye kituo cha mafuta, bunduki mapajani. Ukienda Sikuda, au ukapanda hadi Tororo, hakuna anayegeuza shingo kuitazama.

Haishangazi basi kwamba mwenye ghala la mahindi, au mnunuzi wa dhahabu ya machimbo ya Busia, akipata kidogo naye anataka yake. Na haulizii tena ile ya kuvunjwa katikati, ya kufukuzia nyani shambani. Anataka shotgani inayojikoki yenyewe: ukifyatua, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia.

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Bunduki ya babu ilikuwa bomba na bawaba, aliipangusa akaitundika. Hii mpya ni mashine. Zile zinazotumia gesi huchota sehemu ya moshi wa risasi kupitia vitundu vidogo vya mtutu, moshi ukasukuma pistoni, pistoni ikairudisha bolti nyuma. Moshi huohuo ndio unaoacha masizi. Vitundu vikiziba, bolti hurudi nusu ya safari na ganda likanasa mlangoni.

Kuifungua si kazi ngumu. Ugumu ni kufuata utaratibu bila haraka. Risasi zote zitoke, na zisikae mezani, ziende chumba kingine. Bolti ivutwe nyuma. Chemba itazamwe kwa jicho kisha iguswe kwa kidole, na mdomo wa magazini vilevile, kwa kuwa risasi ya mwisho hupenda kujificha humo. Sefti si ushahidi wa chochote. Ndipo kofia ya mbele inapofunguliwa, kishikio kikatoka, mtutu ukafuata, kisha pistoni na pete zake. Kifyatulio na vyuma vyake, katika nyingi ya bunduki hizi, hushikwa na pini tu, na pini zikisukumwa vyote hutoka kwa pamoja. Mmiliki mpya aishie hapo: apige brashi, asichokonoe springi.

Kurudisha ndiko kunakofedhehesha watu. Chukua Remington 1100: mbele ya pistoni kuna oringi ndogo ya mpira. Ukiisahau, au ikikatika, gesi huvuja na bunduki hukataa kujikoki, ingawa kwa nje kila kitu kinaonekana sawa. Mwingine huiachia bolti ijibamize mbele mtutu ukiwa haupo, akaumiza chuma alichokilipia pesa nyingi.

Halafu mafuta. Kuna wanaoamini oili ya injini, na wapo wa mafuta ya kupikia! Vumbi letu jekundu likikutana na mafuta mengi huwa tope la kusaga chuma. Tone moja, pangusa, basi. Ukimaliza osha mikono kabla ya kugusa ugali, maana uchafu ule una madini ya risasi, nayo ni sumu.

Tarehe 21 Aprili 2004 Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na humo yamo makubaliano ya kupima uwezo wa anayetaka kumiliki silaha. Uwezo gani? Wengi hufikiria shabaha. Mimi nasema meza na kitambaa. Anayelenga vizuri kwa bunduki safi ya mwalimu hajaonyesha atafanya nini yake ikilala kabatini msimu mzima wa mvua, chemba ikaota kutu.

Najua nitaambiwa nawafundisha majambazi. Jambazi hangoji safu ya gazeti. Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi. Fundi yupi, wa bodaboda? Ukimwachia bunduki mtu asiye na kibali, hata kwa saa moja, kesi utaijibu wewe mwenye jina kwenye cheti.

Ninaowahurumia zaidi ni walinzi. Yule wa kituo cha mafuta hupokea bunduki jioni kutoka kwa mwenzake, asubuhi humkabidhi mwingine, na bunduki ya wote haisafishwi na yeyote. Kampuni zianze kuwapima hao mezani, mchana, mbele ya fundi wa silaha wa polisi. Na mwombaji binafsi naye apewe meza ileile: aifungue, aisafishe, airudishe. Akibakiwa na kipande mkononi, bunduki ibaki ghalani hadi atakaporudi tena.