Pesa ya Sandukuni Hupungua Hata Isipoibiwa

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara wa kijijini, msimu wa mauzo ukifika watu huulizana, "Umepata shilingi ngapi?" Kwa maoni yangu swali hilo halitoshi. Jiulize pia: pesa hiyo inanunua mifuko mingapi ya mbolea? Noti hailiwi wala haipandwi. Thamani yake ni kile inachonunua.

Bei za vitu kwa jumla zikipanda mwaka hadi mwaka, huo ndio mfumuko wa bei. Benki Kuu ya Tanzania hulenga ubaki kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Ni kidogo, lakini si sifuri. Chukua asilimia 4: shilingi 1,000,000 uliyofungia sandukuni, baada ya miaka 5 itanunua vitu vya takriban shilingi 822,000 za leo. Mwizi hakuingia na kufuli ni lilelile.

Jambo la pili ni dola. Dizeli na mbolea nyingi hutoka nje, na mwagizaji hulipa kwa dola. Tuseme mfuko ni dola 25. Dola ikiwa shilingi 2,400, mfuko ni shilingi 60,000. Ikifika 2,600, mfuko huohuo ni shilingi 65,000 kabla ya usafiri. Usikimbilie kumlaumu mwenye duka. Mkulima wa korosho au kahawa anaweza kupata nafuu dola ikipanda, maana zao lake huuzwa nje. Wewe unayeuza mahindi gulioni huna kinga hiyo.

La tatu, noti nayo huzeeka. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ilibadilisha noti za zamani za mwaka 1985 hadi 2003. Baada ya hapo hazikuwa tena malipo halali.

Najua benki iko mbali na wakala wa simu anakata ada. Hata hivyo, ukishauza, gawa pesa mafungu matatu:

1. Ya dharura na ada za watoto: weka benki, SACCOS au kwenye simu.
2. Ya pembejeo: nunua mbolea mapema, uipange juu ya mbao, mahali pakavu, isiguse ukuta. Mbegu usilimbikize, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.
3. Ya kuzungushwa: hisa za VICOBA, mbuzi, au bati za nyumba.

Na wewe mwenye duka, panga bei kwa kuangalia gharama ya mzigo utakaoagiza, si ule uliolipia zamani. Ukiuza kwa hesabu ya zamani, utamaliza mzigo na mtaji wa kujaza duka utakuwa umepungua.

Ulivuna kwa jasho. Usiache jasho hilo lipungue ukiwa umelala juu yake.