Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila mwaka, upepo wa Kusi unapopunguza nguvu na bahari ya Mafia ikaanza kutulia, vyombo vidogo huonekana katika Ghuba ya Chole vikiwapeleka wageni miambani. Wageni hao hawakufuata pembe wala dhahabu. Wamekuja kuvaa mitungi ya hewa mgongoni, kushuka chini ya maji, kutazama samaki na matumbawe, kisha kupanda juu na kurejea makwao. Hawachukui kitu ila picha. Mtu aweza kudhani kwamba starehe ya namna hiyo haina haja ya kujadiliwa na wanachama wala na wafanyakazi. Sisi twaona vingine. Twaona kuwa jambo hili lina maswali mazito, na yatupasa kuyauliza waziwazi.

Maswali yenyewe si mageni. Mwaka 1970 Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizusha mjadala mkubwa magazetini juu ya utalii: je, nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 yaweza kujengwa kwa kuwatumikia watalii matajiri? Mjadala huo ulitolewa kitabu mwaka 1973, na Issa Shivji ndiye aliyeuhariri. Tangu hapo mengi yamepita. Watalii wamekuja, na hapana anayefikiri leo kuwafungia mlango. Lakini swali la vijana wale halikuzikwa. Limehama tu kutoka mbugani, likashuka baharini.

Na baharini swali hili lina historia chungu. Katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika wengi waliotolewa katika pwani hii wakiwa watumwa walipelekwa nchi za Ghuba ya Uajemi, na baadhi yao wakatiwa katika kazi ya kuzamia lulu. Mzamiaji alibanwa pua kwa kibanio, akafungiwa jiwe mguuni, akashuka kwa pumzi yake mwenyewe, akajaza chaza kikapuni, akavutwa juu kwa kamba. Lulu ilikuwa ya bwana. Biashara ile iliporomoka katika miaka ya 1920 na 1930, lulu za kufugwa za Wajapani zilipoingia sokoni na dunia ikashikwa na mdororo wa uchumi. Hatusemi kwamba mgeni wa leo mwenye mtungi ni sawa na bwana wa lulu. La hasha. Twasema tu kwamba watu wa pwani hii wamekwisha kujua, kwa miili yao, maana ya kuzama kwa faida ya mtu mwingine. Kwa hiyo wana haki ya kuuliza mapema.

Kifaa kilichofungua mlango wa starehe hii kilitengenezwa mwaka 1943 huko Ufaransa na Jacques Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Kwa kifaa hicho mtu akapata kuvuta pumzi chini ya maji bila bomba la kumfunga na chombo. Baada ya hapo kuzamia, ambako zamani kulikuwa kazi ya askari na mafundi wa bandari, kukawa mapumziko ya watu wenye likizo na fedha. Ndipo mwamba ambao mvuvi aliuona kuwa shamba lake, mgeni akauona kuwa bustani.

Serikali yetu haikulala. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa Hifadhi ya Bahari ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ikafuata mwaka 2000. Visiwani, matumbawe ya Chumbe yalitengwa mwaka 1994, na Misali ya Pemba ikafuata mwaka 1998. Hifadhi ya Mafia iligawanywa sehemu: ziko ambamo hapana ruhusa ya kuvua kabisa, ziko ambamo wenyeji peke yao huvua kwa masharti, na ziko zilizo wazi zaidi. Mgeni hulipa kiingilio. Kwa maandishi, huu ni mpango mwema.

Lakini mpango huo ulijengwa juu ya kafara ya nani? Si juu ya kafara ya mzamiaji, kwani yeye amefunguliwa mlango. Si juu ya kafara ya mwenye hoteli, kwani mwamba uliotunzwa ndio mali yake ya kuuzia. Ni mvuvi aliyeambiwa aache juya lake, aache kuchimba matumbawe ya kuchomea chokaa, asitie nanga pale baba yake alipotia. Watu wa Jibondo, kisiwa kisicho na maji baridi lakini chenye mafundi wa kuunda majahazi wanaosifika pwani nzima, walinung'unika miaka mingi juu ya masharti hayo. Wako waliowaita wakaidi. Sisi hatuwaiti hivyo. Mtu anayetakiwa kutoa jana yake kwa ajili ya kesho ya wote hana budi kuonyeshwa kesho hiyo iko wapi.

Basi twasema: hesabu zisomwe. Utaratibu wa hifadhi wataka sehemu ya mapato ya wageni irudi vijijini. Ni jambo jema. Lakini fedha isiyosomwa hesabu hadharani hugeuka uvumi, na uvumi hugeuka chuki. Kiasi kilichoingia, kiasi kilichotengwa kwa kila kijiji, na kazi iliyofanywa kwa fedha hiyo, vibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili kinachosomeka, visomwe pia katika mkutano mkuu wa kijiji. Mvuvi akiona kisima, darasa au mashine ya boti iliyonunuliwa kwa fedha ya mwamba, hatahitaji askari wa kumfundisha thamani ya mwamba.

Haki hii ya mvuvi ina wajibu wake, na gazeti hili halitamficha. Uvuvi wa baruti uliingia pwani yetu katika miaka ya 1960, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ikaupiga marufuku. Hata hivyo mlio wa baruti uliendelea kusikika kwa miongo mingi, na ilihitajika nguvu kubwa ya dola katika miaka ya karibuni kuupunguza. Anayetupa baruti hupata samaki wa siku moja, na wengi katika hao huzama wakiwa wamepasuka vibofu, wasifae mtu. Tumbawe la mviringo, lile wavuvi wanalolijua kama jiwe, hukua kwa kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka au pungufu. Tumbawe lenye upana wa meza lilianza kukua kabla ya babu zetu kuzaliwa, nalo huvunjika kwa mlio mmoja. Mchuma janga hula na wa kwao. Mwenye baruti hamwibii mtalii, amwibia mtoto wa jirani yake.

Sasa tuwatazame wafanyakazi. Nenda mahali popote wageni wanapozamia, uangalie nani anafanya nini. Kijana wa kwetu utamwona akijaza mitungi kwa kompresa, akiibeba begani kuvuka maji mafupi, akiosha mavazi ya mpira, akishika usukani wa mashua. Huyo huyo ndiye ajuaye mkondo unageuka saa ngapi katika mlango wa Kinasi, na potwe, papa yule mkubwa asiyedhuru mtu, huonekana upande gani wa Kilindoni kuanzia Oktoba. Lakini mwalimu wa kuzamia, mwenye cheti na mshahara mkubwa, mara nyingi ni mgeni. Sababu si kwamba kijana wetu hana akili. Sababu ni kwamba mafunzo hulipwa kwa dola, na vitabu vyake ni vya lugha za kigeni. Aliyezaliwa juu ya maji anawekwa kuwa hamali wa maji. Jambo hili halifai kuachwa kama lilivyo.

Tena kazi hii ina hatari yake, na hatari hiyo ijulikane kwa kila mfanyakazi. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika mita 30, mtu amegandamizwa mara nne ya alivyokuwa nchi kavu. Naitrojeni iliyo katika hewa anayoivuta huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Akipanda upesi, hewa hiyo hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafula, na mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha miguu, na pengine huua. Dawa ya kwanza ni oksijeni safi, kisha chumba maalumu cha kugandamizia hewa. Mgeni huzamia siku chache akaenda zake. Mfanyakazi huzamia msimu mzima, na tajiri asiye na huruma aweza kumshusha mara nyingi kwa siku moja kwa sababu wageni ni wengi. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kidai mambo haya bila kuona haya: daftari la kila mzamo, siku za kupumzika, uchunguzi wa daktari, oksijeni ndani ya kila chombo, na bima inayomtambua mzamiaji kuwa mzamiaji, si kibarua wa pwani.

Wako watakaosema kwamba madai haya yatawafukuza wenye mitaji. Twawajibu kwa mfano wa Chumbe. Pale wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa askari wa mwamba, na wanafunzi wa Unguja huvushwa kwenda kutazama matumbawe kwa macho yao. Wageni hawakukimbia, wanakwenda, tena wanasifu. Mwenye mtaji anayekimbia kwa sababu ametakiwa kumfundisha kijana na kumlinda mfanyakazi, huyo hakuja kujenga. Aende salama.

Yako mengine yasiyo katika mikono yetu peke yetu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Mafia yakageuka meupe, yakafa. Joto likarudi mwaka 2016, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 wataalamu wakatangaza kwamba kufifia huko kumeikumba dunia nzima kwa mara ya nne. Moshi unaoipasha bahari joto haukutoka katika ngalawa za Jibondo. Ulitoka zaidi katika nchi zile zile ambako wageni wetu hupandia ndege. Basi mgeni anapolipa kiingilio, asidhani anatoa sadaka. Analipa sehemu ndogo ya deni.

Lipo na jambo la mwisho, nalo ni la kwetu sisi wenyewe. Watoto wangapi wa pwani hii, wana wa wafanyakazi wa bandari, wa viwanda na wa ofisi, wamepata kuona mwamba hata mara moja? Wangapi hukua karibu na bahari bila kujua kuogelea, hasa wasichana? Hatuwezi kusema bahari ni yetu hali tunaijua kwa harufu na kwa kitoweo tu. Shule za pwani zifundishe kuogelea. Miwani ya maji haihitaji dola nyingi, wala mtu hahitaji mtungi ili aone tumbawe la maji mafupi wakati wa bamvua.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji abebe. Twamkaribisha mzamiaji kwa moyo mweupe, aje aone alichojaliwa mtu wa pwani. Lakini siku atakaposhuka majini na kumkuta mbele yake mwalimu aliyezaliwa Chole au Nungwi, na siku mvuvi atakapoisoma hesabu ya mwamba ukutani kwa kijiji chake, hapo ndipo tutakapokubali kwamba mwenyeji amepona.