TUZUNGUMZE AKINA MAMA: Ulaya Inapobisha Hodi

  Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo lililobisha hodi nyumbani kwetu, na tunaamini limebisha kwa wengi wenu: mtoto, au pengine mama mwenyewe, anapotamani kwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Novemba, mwaka 2025, msimu wa senene. Tulikuwa tumerudi kutoka ibadani, tumekaa uani na beseni katikati, tunanyonyoa senene. Binti yetu wa pili ana miaka 23. Amemaliza stashahada ya uuguzi na bado hajapata ajira. Akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na karatasi aliyopewa na wakala mmoja. Karatasi ilisema kuna kazi ya kuhudumia wazee huko Uingereza, mshahara mnono, kuondoka kabla ya Pasaka. Malipo ya wakala ni shilingi milioni 9, nusu ilipwe mwezi huohuo.

Tulipomwuliza fedha hizo zitatoka wapi, alitazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ile sehemu ya kibanja ya huku chini..."

Wasomaji wasio wa Kagera waelewe kwamba kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, ndimo walimolala mababu, na haiuzwi mpaka ukoo ukae. Baba yao hakusema neno. Alichukua senene mmoja, akamnyonyoa polepole, akaweka beseni. Sisi tulikuwa tumeshafungua kinywa kumkemea, naye binti akatuwahi: "Mama, mbona ninyi mlikwenda?"

Tukanyamaza.

Sisi pia tulikwenda

Ni kweli. Mwaka 2009 tulikuwa wauguzi wawili tuliopelekwa Sweden kwa miezi sita, kwa njia ya urafiki wa sharika zetu na sharika za huko, kujifunza namna ya kuwatunza wagonjwa ambao dawa za kuponya zimefikia mwisho. Binti huyu alikuwa na miaka saba. Tulimwacha kwa shangazi yake.

Kule tuliona mengi. Desemba, saa tisa na nusu alasiri, taa zote zilikuwa zimewashwa kwa sababu jua limezama. Ndani ya basi watu wamejaa na hakuna anayemsalimu mwenzake, hata tukadhani kuna msiba. Lakini kilichotushangaza kuliko theluji kilikuwa kabati. Naam, kabati la wodini. Unalifungua unakuta glovu za kila ukubwa, mashuka safi yamekunjwa, dawa ya maumivu ipo na mwenye kuipima yupo. Usiku muuguzi ana wagonjwa wachache kiasi kwamba anaweza kukaa kitandani pa mmoja na kumsikiliza mpaka asinzie.

Tuliporudi tulipangwa zamu ya usiku, muuguzi mmoja kwa wodi nzima, na wagonjwa wengine wawili wawili kitandani. Miili yetu ilikuwa imerudi, lakini mioyo ilichelewa sana njiani. Kwa miaka mingi tuliitamani Ulaya, nasi hatukumwambia mtu. Tuliona haya. Tulidhani ni tamaa ya fedha, na fedha kweli ilikuwamo. Lakini tulipojichunguza vizuri tuliona kwamba tulilitamani lile kabati. Tulitamani kuifanya kazi yetu jinsi tulivyofundishwa kuifanya.

Kwa hiyo, akina mama wenzetu, mtoto akisema anatamani kwenda, tusianze kwa kumwambia kwamba amepotoka au ameidharau nchi yake. Tumwulize kwanza: Unatamani nini hasa? Wako wanaotamani elimu ambayo hapa haipo. Wako wanaotamani kazi, maana wamesoma na wamekaa bure. Wako wanaokimbia jambo la nyumbani, ugomvi au aibu, na hao hata wakifika mbali watafika nalo. Kila mmoja ana dawa yake, na tiketi ya ndege si dawa ya wote.

Swali la bibi mmoja

Katika nyumba ya wazee tuliyofanyia mazoezi palikuwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya 90. Alipenda tumwoshe sisi Waafrika kwa sababu, alisema, mikono yetu haina haraka. Siku moja alituuliza, mwuguzi wa huko akatufasiria: "Na mama yenu anaoshwa na nani?"

Wakati ule mama yetu alikuwa Muleba, mguu umevimba, hawezi kufika kisimani. Aliyekuwa akimwosha ni wifi yetu, mwenye watoto watano na kibanja cha kupalilia. Hatukumwomba. Hatukumwaga hata kwa khanga. Tuliondoka tu, na mzigo ukamwangukia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Na siku tuliyorudi, binti yetu hakutukimbilia. Alijificha nyuma ya shangazi yake, akachungulia. Ilichukua wiki mbili ndipo akakubali tumsuke nywele.

Tunayasema haya si kwa kujutia safari ile. Ilitufaa, na ilifaa wagonjwa wengi waliokufa hapa Bukoba kwa amani na bila maumivu makali kwa sababu ya yale tuliyojifunza. Tunasema tu kwamba kila anayeondoka anamwachia mtu mzigo. Mtu huyo ana jina. Tatizo la safari nyingi ni kwamba jina hilo halitajwi siku ya kupanga, linakuja kujulikana siku ya kulalamika.

Wazee wa kwetu walisafiri zamani. Padre Laurean Rugambwa alikwenda Roma kusoma, akarudi, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Josiah Kibira alisoma Bethel, Ujerumani, na baadaye Boston, Marekani. Akawa askofu hapa mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Lakini hao walitumwa. Nyuma yao palikuwa na kanisa lililojua wako wapi, na mbele yao palikuwa na kazi iliyowangoja nyumbani. Binti wa leo mara nyingi hajatumwa na mtu wala hangojwi na kazi. Anasukumwa na kukosa, na anavutwa na karatasi ya wakala. Ndiyo maana nyumba yake haina budi kuwa makini zaidi.

Mambo ya kuangalia

Usiku ule hatukulala. Asubuhi tulianza kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunawaandikia ili mwenzetu asiuze alichonacho kwa kukosa habari.

Kwanza, tutenganishe kazi. Muuguzi aliyesajiliwa si sawa na mhudumu wa wazee. Kwa wahudumu, Uingereza ilizuia tangu Machi 2024 wasiongozane na mume, mke wala watoto, na Julai 2025 ikafunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ya nchi. Tazameni: karatasi ya binti yetu ilitufikia Novemba. Iliuza njia ambayo ilikuwa imeshafungwa miezi minne kabla.

Pili, tujue nchi yetu imewekwa wapi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na mwaka 2023 lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao. Tanzania imo. Kwa nchi zilizomo katika orodha hiyo, kanuni za Uingereza hazimruhusu mwajiri wala wakala kuja kutafuta wauguzi. Muuguzi anayeomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, hakatazwi. Basi anayekuja mtaani na kusema ametumwa na hospitali za Uingereza kuwakusanya wauguzi, tumwogope.

Tatu, fedha. Sheria ya Uingereza haimruhusu wakala kumtoza mtu ada kwa ajili ya kumtafutia kazi. Gharama za kweli zipo, kama vile pasipoti, mitihani na usajili, lakini hizo hulipwa penye stakabadhi, hazikabidhiwi mkononi uani. Na kabla ya kumwamini wakala yeyote wa hapa nchini, tuulize TaESA kama ana leseni.

Nne, njia halali ni ndefu. Kwa Uingereza muuguzi hufanya mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo. Kwa Ujerumani, kwa kawaida hutakiwa kukijua Kijerumani hadi daraja la B2 kabla ya kutambuliwa kuwa muuguzi kamili. Anayeahidi miezi mitatu anaahidi kitu kingine.

Tano, na hili halimo katika karatasi ya serikali yoyote: mketi kama familia, mtaje majina. Nani atamtunza bibi? Nani atalea mtoto akiachwa? Atalipwa nini, atapumzika lini? Anayeondoka ni mama mwenye ndoa? Basi mume aseme mbele ya watu atakavyoishi, naye mke aseme atarudi lini. Tumeona ndoa zilizodumu katika umbali, na tumeona zilizovunjika. Zilizodumu, nyingi zilikuwa na tarehe.

Tulivyoamua

Kibanja hatukukiuza. Baba yao alimwambia wakala kwa simu kwamba tungependa kuiona leseni yake. Hakuja tena.

Msifikiri tulishangiliwa. Binti yetu alilia, akasusa chakula, na kwa wiki nzima alitujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Siku ya nane tulimfuata jikoni. Tulimwomba msamaha kwa miezi ile sita ya mwaka 2009, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Akatuambia anakumbuka kwamba shangazi alikuwa akimwonyesha ndege zikipita kuelekea uwanjani na kumwambia, "Mama yako atashuka kwenye moja ya hizo." Kila ndege aliipungia mkono. Hatukuwa tunajua.

Sasa anajitolea katika zahanati moja, na jioni anajifunza Kijerumani. Ada yake inatoka kwenye kahawa yetu, kidogo kidogo. Akifaulu ataomba mwenyewe, kwa jina lake na vyeti vyake. Huenda akaenda. Huenda ajira ikapatikana hapa, akabaki. Kuna usiku tunajiuliza kama tumemchelewesha, na jibu la hakika hatuna. Tunachojua ni kwamba akienda, hatakwenda na deni la ukoo mgongoni, wala hatatoroka.

Na yule mwuguzi mwenzetu tuliyekuwa naye Sweden? Baadaye aliondoka tena, akaenda Uingereza, na yuko huko mpaka leo. Ameisomesha familia nzima, amemjengea mama yake nyumba ya bati na matofali ya kuchoma. Mama alipofariki hakuweza kufika. Alifuata mazishi kwa simu, tukiwa tumemshikia karibu na kaburi ili asikie nyimbo. Kila Desemba tunamtumia senene wa kukaanga. Husema akifungua tu mfuko, harufu inamrudisha Bukoba, akala huku analia. Je, alikosea kwenda? La hasha. Alipata alichokitafuta, akalipa bei yake.

Katika Biblia tunao wanawake wawili ndani ya kitabu kimoja kifupi. Naomi aliondoka Bethlehemu na familia yake kwa sababu ya njaa, akarudi mikono mitupu. Ruthu akaiacha Moabu, akawa mgeni, akapata kwao papya. Mmoja alirudi, mwingine aliondoka, na wote wawili Mungu aliwatunza. Ila tukumbuke kwamba hakuna aliyesafiri peke yake, na kabla ya safari walizungumza barabarani mpaka wakalia.

Akina mama, tuzungumze na watoto wetu mapema, kabla karatasi haijaletwa. Nasi tuikiri mioyo yetu pia. Siku ile uani, binti alipotamka neno Uingereza, kitu fulani ndani yetu kilisimama na kusema, "Twende wote." Hilo bado hatujamwambia. Pengine atalisoma hapa.