Neno la Mhariri: Kabla ya Kusema Zambarau

Herufi AA kwenye gunia la kahawa hazina habari yoyote ya ladha. Zinaeleza ukubwa tu: punje zilichekechwa, zikabakia juu ya chekeche lenye matundu ya upana wa karibu milimita 7. Punje kubwa yaweza kuwa tamu, yaweza pia kuwa imevunda, na chekeche halijui. Hata hivyo mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi akitaka kahawa nzuri huulizia AA, muuzaji naye hujibu kwa fahari kwamba anayo, na biashara huishia hapo. Tumezoea kuihukumu kahawa kwa macho. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya pua na ulimi, na hoja yangu ni kwamba kuonja ni kazi ya kujifunza kama useremala. Hakuna aliyezaliwa mwonjaji. Mwenye pua nzima anao mtaji wote. Kilichobaki ni mazoezi, na mazoezi yenyewe si yale ambayo wengi wetu huanza nayo.

Wengi huanza na majina. Mtu ananunua pakiti iliyoandikwa asali, chungwa na chokoleti, anakunywa, haoni chungwa wala asali, kisha anajihukumu kuwa ulimi wake ni mzito. Au, jambo lililo baya zaidi, anaanza kuliona chungwa kwa sababu ameambiwa lipo. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa watu wa fani. Basi ushauri wangu wa kwanza ni wa bei nafuu: funika pakiti.

Wa pili ni kujua ladha hukaa wapi. Chukua sukari kidogo iliyochanganywa na mdalasini wa unga, ziba pua kwa vidole, weka mdomoni. Utapata utamu na chengachenga, basi. Achia pua, na mdalasini unafika kwa mkupuo. Ulimi wenyewe unatambua mambo machache: utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ule unono wa mchuzi wa nyama uliochemka sana. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kuelekea puani. Vitabu vingi vya shule vilichapa picha ya ulimi uliogawanywa mitaa, utamu nchani, uchungu nyuma, uchachu pembeni. Picha hiyo ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, na haifai kitu mezani. Ndiyo maana waonjaji wa kahawa hufyonza kijiko kwa kelele ambazo nyumbani kwetu mtoto angekemewa. Kelele ile hurusha kahawa kama mvuke mdomoni ili harufu ipate njia ya kupanda.

Meza ya kuonja yenyewe ni kitu cha kuchosha, na kwa maoni yangu uchoshi huo ndio uzuri wake. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji. Maji ya nyuzi 93 hivi, yaani yaliyochemka yakapumzishwa kidogo. Hakuna chujio, hakuna sukari, hakuna maziwa. Unanusa unga mkavu, unamwaga maji, unasubiri kama dakika 4 hadi gamba la unga litande juu, kisha unalivunja kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu kugusa kikombe, maana hapo ndipo harufu hutoka kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine. Povu linaondolewa. Halafu unangoja tena. Kahawa ikiwa ya moto sana huficha. Inapopoa, uchachu na utamu hujitokeza, na kasoro nazo hujitokeza. Mwonjaji hurudi kwenye kikombe kile kile kikiwa moto, kikiwa vuguvugu, na kikiwa karibu kupoa kabisa, na mara nyingi alama anazotoa mwishoni si zile alizodhani atatoa mwanzoni.

Kila sampuli hupangwa katika vikombe vitano, na kila kikombe hupimwa na kusagwa peke yake. Anayetaka kujua sababu aulize Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo. Huko kuna kasoro ambayo wafanyabiashara huiita ladha ya kiazi: kikombe kinanuka kiazi mbichi kilichotoka kumenywa sasa hivi. Wataalamu wanaihusisha na mdudu aitwaye antestia anayefyonza matunda ya mbuni, na harufu yenyewe hutokana na kemikali za jamii ya pirazini. Punje yenye kasoro hiyo haitofautiani na wenzake kwa macho, lakini moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima. Ukisaga zote pamoja, vikombe vyote vitakuwa na mashaka. Ukisaga kila kikombe peke yake, vinne vitakuwa safi na cha tano kitapiga kelele. Nimeona watu wenye elimu kubwa ya kahawa wakibishana juu ya matunda gani wanayapata huku kiazi kimekaa katikati ya meza na hakuna aliyekitaja. Kutambua kasoro ni ujuzi wa chini usiosifiwa kwenye pakiti yoyote, nao ndio wenye faida kuliko wote.

Baada ya hapo kuna kulinganisha. Kahawa moja peke yake haifundishi chochote, maana huna cha kuipimia. Weka mbili. Anza na zilizo mbali kabisa: robusta ya Kagera iliyoanikwa na ganda lake, pembeni yake arabika ya Kilimanjaro au Mbeya iliyomenywa na kuoshwa. Usitafute matunda. Jiulize ipi nzito mdomoni, ipi chachu, ipi inaacha uchungu nyuma, ipi ina ukakasi kama wa ndizi isiyoiva. Ukiweza hizo bila kubahatisha, punguza umbali: arabika mbili za mkoa mmoja, kisha kahawa ileile iliyokaangwa kwa viwango viwili. Mwisho wake ni jaribio la vikombe vitatu, viwili vikiwa na kahawa ileile na kimoja tofauti, nawe utaje kilicho tofauti. Jaribio hilo limo katika mitihani ya waonjaji wa kulipwa, na linanyenyekeza kila mtu.

Majina huja hapa, na yana kazi yake: kumfikishia mwingine ulichokipata, ili naye akihakiki. Marekani chama cha kahawa maalumu kilitoa gurudumu la ladha mwaka 1995, mduara wa rangi wenye ladha kuu katikati na ladha ndogondogo ukingoni, nalo likaandikwa upya mwaka 2016. Mfaransa Jean Lenoir alitengeneza sanduku la vichupa 36 vya harufu za kahawa kwa ajili ya mazoezi. Vyote viwili ni vyombo vizuri, ila matunda mengi yaliyomo ni ya nchi za baridi. Chukua mfano maarufu kuliko yote. Mwaka 1931 afisa wa kilimo wa Kenya, A. D. Trench, alizuru Tanganyika, akaona huko Monduli mibuni iliyokuwa ikistahimili ukame. Mbegu zake zikafika Maabara ya Scott, Kabete, na humo ikateuliwa aina inayoitwa SL28, ambayo mpaka leo ndiyo inayoipa kahawa ya Nyeri na Kirinyaga sifa yake duniani. Waonjaji wa Ulaya huielezea kwa tunda lao dogo jeusi ambalo wengi wetu tulilijua kwanza kwenye chupa ya Ribena. Mimi nikiinywa napata zambarau, pamoja na ule ukakasi wake mwepesi unaobaki pembeni mwa ulimi. Sidhani kama mimi na Mzungu tunapingana. Kila mmoja amekwenda kwenye ghala lake la kumbukumbu akatoa kilicho karibu.

Ghala hilo hujazwa sokoni. Nenda Kariakoo, Kongowea au Darajani bila haraka. Nusa ukwaju mkavu, kisha ulowekwe na uuonje. Tofautisha ndimu na limau huku umefumba macho. Si rahisi kama unavyodhani. Sukari guru, karanga mbichi na karanga zilizokaangwa, iliki, karafuu, pera lililoiva kupita kiasi, fenesi, asali ya nyuki wadogo, maganda ya chungwa yaliyokauka. Kumbukumbu ya harufu hushikwa kwa kurudiarudia, na anayepika kila siku ameshamtangulia mwenye kusoma magazeti kama hili.

Hata hivyo sina subira na wale wanaotaka tulitupe gurudumu la kigeni tuchore letu kesho asubuhi. Nguvu ya lile la 2016 haimo kwenye matunda yake. Limejengwa juu ya kamusi ya ladha ambayo kila neno lake limewekewa kielelezo: kitu fulani, kimeandaliwa namna fulani, kina ukali wa kiwango fulani. Sisi tukisema ubuyu, tunasema ubuyu upi? Unga mweupe mkavu wa Dodoma, au ubuyu wa Zanzibar uliopikwa kwa sukari, rangi na viungo? Mtu wa Singida na mtu wa Unguja wataandika neno moja kwa ladha mbili ambazo hazikaribiani. Kazi hiyo ya kukubaliana inahitaji watu walioketi meza moja mara nyingi, na bado hatujaketi vya kutosha.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu bei huamuliwa mdomoni. Kabla ya mnada wa Moshi au wa Nairobi, wanunuzi huchukua sampuli, hukaanga, huonja, hujaza alama. Kahawa inayofikia 80 kati ya 100 huhesabiwa kuwa maalumu na huwa na soko lake. Mkulima wa Machame, kwa upande wake, mara nyingi hunywa chai. Anaambiwa bei bila kuambiwa sababu, na hata akiambiwa sababu, maneno hayo hayajawahi kupita kwenye ulimi wake.

Rwanda ilijaribu kuugeuza mpango huo. Miaka ya mwanzo ya 2000 karibu kahawa yake yote ilikuwa ikiuzwa kama ya kawaida. Mradi ulioitwa PEARL, wa vyuo vikuu vya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, ulisaidia kujenga vituo vya kuoshea kahawa na ukafundisha vijana wa Kinyarwanda kuonja. Ushirika wa Maraba, kusini mwa nchi, ukawa ukiuza Uingereza ilipofika 2003, na mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence. Waonjaji peke yao hawakuleta hayo yote. Mitambo, mikopo na masoko vilihitajika. Lakini mwonjaji aliye karibu na kituo anaweza kumwambia mwendesha mtambo leo jioni kwamba kahawa ya juzi imekaa mno kwenye tangi ikaanza kunuka siki, na ya kesho ikaokolewa. Mwonjaji aliye Hamburg hutoa taarifa hiyo miezi kadhaa baadaye, kwa njia ya bei.

Na wala si kweli kwamba kahawa ni ngeni midomoni mwetu. Wahaya walikuwa wakiitafuna robusta iliyochemshwa na kukaushwa, na kumkaribisha mgeni kwayo, kabla mmisionari hajapanda arabika mlimani Kilimanjaro. Pwani nako tuna kahawa chungu: imekaangwa hadi ikawa nyeusi, imechemshwa kwenye dele na tangawizi, inanywewa kwenye vikombe visivyo na mikono, kashata pembeni. Mtaalamu wa mezani atasema moto mkali umefuta asili yote ya punje, naye atakuwa amesema kweli. Kinywaji kile hakikukusudiwa kuonyesha shamba. Kimekusudiwa baraza, na nikialikwa sitabeba kijiko changu cha kuonjea.

Kurasa zinazofuata zina taarifa kutoka Bukoba kuhusu kahawa ya kutafuna, mahojiano na waonjaji wa minada, na maelekezo ya kuandaa meza ya kuonja kwa vyombo vya jikoni, pamoja na mizani ndogo ya kupimia viungo ikiwa huna nyingine. Utakuta pia matokeo ya meza yetu wenyewe. Tuliweka kahawa nane bila majina, tukaonja kimya kila mtu na karatasi yake, tukasoma alama baadaye. Kuhusu ile ya Mbinga tuligawanyika: nusu yetu waliandika karanga na sukari guru na kuipa alama za juu, nusu wakaandika gunia na kuishusha. Tuliirudia siku nyingine, na mgawanyiko ukabaki uleule ingawa mmoja alihama upande. Tumechapisha alama zote mbili, na kahawa yenyewe bado inapatikana madukani.