Wastani Haujielezi

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi wa Kuresoi, tangu Keringet hadi Olenguruone, huuliza swali moja: mtoto amepata gredi gani? Akisikia C+, mzazi hushusha pumzi. Waama, hicho ndicho kiwango cha chini cha kusomea shahada. Hata hivyo, kukaribishwa uani si kupewa chumba.

Gredi ya wastani hutokana na pointi za masomo saba. A ni pointi 12, E ni 1, na upeo wa jumla ni 84. Kozi nayo hutazama masomo manne yanayoihusu, ambayo upeo wake ni 48. Enzi za Bodi ya Pamoja ya Udahili, kabla ya KUCCPS kushika hatamu, uwiano wa kila jumla na upeo wake ulitafutwa, wa kwanza ukazidishwa kwa wa pili, zao likatolewa kipeuo cha pili, kisha likazidishwa kwa 48. Wachukuliwe watahiniwa wawili wenye pointi 60, yaani B. Mmoja ana 40 katika masomo manne ya kozi, mwenzake ana 32. Wa kwanza alipata takriban 37.0, wa pili 33.1. Gredi moja, hatima mbili.

Aghalabu, pengo hilo huanza mapema, masomo yanapochaguliwa kuelekea Kidato cha Tatu. Anayeiacha Fizikia huku akiota uhandisi amejifungia mlango miaka miwili kabla ya kuubisha.

Fauka ya hayo, kanuni hubadilika. Tangu mtihani wa 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano yaliyofanywa vyema zaidi. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili. Anayekipuuza hujinyima pointi asizojua kuwa ni zake.

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Katika udahili, methali hiyo ni dhuluma: asiyejua ndiye hasa wa kuambiwa. Yamkini itadaiwa kuwa hiyo ni kazi ya mwalimu mshauri. Lakini maelezo mengi huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi anayelipa karo kwa viazi au majani chai hubaki msikilizaji wa uamuzi asioweza kuuhoji. Wanafunzi wa Kiswahili, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, wana wajibu wa kuitafsiri hesabu hii na kuifikisha barazani kabla masomo hayajachaguliwa. Taaluma isiyomfaa jirani yake itajigamba kwa lipi?